Binti yangu alipiga picha hina ya bi harusi, sasa jamaa zake hawatusemezi

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bondeni hapa Mombasa. Mume wangu yuko Doha kikazi na nyumbani huja mara moja kwa mwaka. Naomba shauri lako mapema, maana mambo yananizidi.

Binti yangu mkubwa ana miaka 14, yuko Gredi ya 8. Muhula huu mwalimu wao amewapa mradi. Kila mwanafunzi achague jambo analolipenda kwa moyo wake, hata kama halimo kitabuni, alifuatilie muhula mzima, kisha alionyeshe mtandaoni kwa kufuata wanayofundishwa kuhusu uraia wa kidijitali: adabu ya mtandaoni, kutunza siri za watu, kutoiba kazi ya mwenzio, kujilinda na watu usiowajua. Mwisho wa muhula wazazi tutaalikwa tukaone.

Wenzake wengi wamechagua mpira na Fort Jesus. Wangu kachagua hina. Huyo tangu mdogo ni kuchora tu, pembezoni mwa madaftari, kwenye magazeti ya kufungia mahamri, hata kwenye mguu wa mdogo wake akiwa amelala. Tuna jirani ambaye ni fundi wa hina, mabibi harusi wanamfuata kutoka mbali. Akakubali mtoto awe akienda kwake kumsaidia kuchunga unga, kukanda na kujaza koni, na ajifunze akitazama.

Mwezi uliopita jirani aliitwa kumpaka bi harusi, akaenda na mwanangu. Wajua mambo yetu, siku ya kupamba bi harusi, mlangoni huwekwa mtu wa kubandika vibandiko kwenye kamera za simu. Lakini hina ilipakwa siku moja kabla, nyumbani, wakiwa watu wa ndani peke yao, na hakuna aliyefikiria simu ya mtoto. Akapiga picha mikono ya bi harusi. Mikono tu, Somo, hata uso haumo. Ila nyuma pana kabati la kioo, na ndani ya kile kioo anaonekana shangazi wa bi harusi amejifunga kanga moja kifuani, kichwa wazi, anamenya embe. Mtoto hakumwona. Akaiweka TikTok na kwenye stetasi ya WhatsApp kwa simu yangu, akaandika chini: "Kazi yangu". Wala si kazi yake, yeye alijazishwa majani kwenye kidole kimoja. Na ua lenyewe bi harusi alilitoa kwenye ukurasa wa mchoraji mmoja wa Dubai.

Kufikia Isha watu walikuwa washamtambua shangazi. Picha ikazunguka makundi ya familia, ikafika hadi Doha, mume wangu aliletewa na binamu yake. Akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, mkali: simu ichukuliwe, hina iachwe, mtoto ashike vitabu, hina ni kazi ya waliofeli. Watu wa harusi hawatusemezi. Jirani amevunjiwa kazi mbili alizokuwa ameahidiwa, naye hataki kumwona mtoto wangu mlangoni kwake.

Picha tuliifuta usiku uleule. Nilipokwenda shule, mwalimu akasema bora mtoto abadilishe mada achukue Fort Jesus kama wenzake, tena afanye haraka kwa sababu alama zitatazama pia ukurasa umepata wafuasi wangapi. Mtoto mwenyewe hali vizuri. Jana nimemkuta anafuta michoro yake daftarini kwa kifutio, ukurasa baada ya ukurasa.

Nimwache abadilishe? Na baba yake nimwambieje?

Mama, Bondeni

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Usimwache abadilishe. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiitwa jikoni sasa hivi uwe umepata jibu. Akienda Fort Jesus leo atanakili kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwamba UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, atapata alama zake na mambo yataisha. Kuhusu uraia wa kidijitali hatakuwa amejifunza kitu, maana ngome haina shangazi kwenye kioo. Katika darasa zima ni mwanao peke yake ambaye somo limemfika mwilini, na ndiye huyo mwalimu anataka kumwondoa kwenye mada.

Ila kabla ya mradi kuna deni, na deni hulipwa kwanza.

Mwende nyumba ya harusi, wewe na yeye, na mtafute mama mmoja mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili awatangulie. Msitume ujumbe wa simu, simu ndiyo iliyowafikisha hapo. Na wa kuombwa radhi kwanza ni yule shangazi, si bi harusi, kwa sababu bi harusi alionwa mikono tu. Aseme mtoto mwenyewe, kwa ufupi: nilipiga picha bila kuomba ruhusa, nikaiweka bila kuitazama vizuri, nimeifuta, na walionayo tunawafuata waifute. Basi. Wewe kaa kimya. Usiseme "ni mtoto tu", usiseme "ilikuwa mikono tu", na kwa jina la Mungu usitaje kabati lilikuwa limekaa vibaya. Chukueni halua kidogo na kahawa, mkaribishwe msikaribishwe, mwiache. Msidai msamaha siku hiyohiyo. Mwanamke aliyeonwa na nusu ya Mombasa akiwa na kanga moja ana haki ya kukasirika kwa muda anaoutaka yeye.

Hilo la kufuta nalo halijaisha kama unavyodhani. Stetasi hukaa saa 24 kisha ikapotea, lakini aliyeihifadhi anayo, na aliyeituma kwenye kundi imebaki kule. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp wana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote na ukatoweka kwa wote. Kaa na mwanao, orodhesheni makundi mnayoyajua, mwandikie kila msimamizi kwa adabu. Wengine watawajibu, wengine watajifanya hawakuona. Afanye kazi hiyo mtoto ukiwa pembeni yake, kwa sababu hapo ndipo atakapoona jinsi kitu cha sekunde moja kinavyochukua wiki kukirudisha, na bado hakirudi chote.

Jirani yako fundi ana sehemu yake katika jambo hili. Ukimwingiza mtoto wa watu kwenye chumba cha bi harusi, unamwambia simu ibaki mkobani. Lakini yeye ndiye aliyepoteza riziki, kwa hiyo usimwambie hilo sasa. Mwende mkaseme mbele ya wale waliomvunjia kazi kwamba fundi hakujua kuwa picha imepigwa. Hilo litamsaidia zaidi kuliko machozi ya mtoto mlangoni kwake.

Haya, tuje shuleni. Wazo la mwalimu ni zuri na nataka alisikie hilo kutoka kwako kabla ya mengine. Mtaala wa Umilisi, huu wa shule zetu unaoitwa CBC, unataja umilisi saba wa msingi, uraia umo, ujuzi wa kidijitali umo, na kujifunza jinsi ya kujifunza umo. Kumwambia mtoto achague anachokipenda kisha akifanye kwa uadilifu mbele za watu ni kuzishika zote tatu kwa mkono mmoja. Walimu wengi wangeridhika na bango la "Usitoe neno lako la siri" ukutani.

Ila hilo la wafuasi sikubaliani nalo hata chembe. Muulize kwa upole: mtoto wa miaka 14 atapataje wafuasi? TikTok wenyewe, akaunti ya mtoto wa miaka 13 hadi 15 huwa ya faragha tangu inapofunguliwa, na aliye chini ya 16 hafunguliwi ujumbe wa moja kwa moja. Kama ukurasa wa mwanao ulionekana na kila mtu na wageni walikuwa wakimwandikia, kachungulie mwaka wa kuzaliwa alioujaza. Nina hakika utakuta ni mtu mzima mwenye kazi na watoto. Watoto hujiongezea miaka ili wapite, na kinga yote iliyowekwa kwa ajili yao inaondoka hapohapo. Mradi wa uraia wa kidijitali unaompa mtoto alama kwa kudanganya umri wake, huo mimi siujui ni uraia wa nchi gani.

Kisha mwalimu mwenyewe, akitaka kuweka kazi na picha za wanafunzi kwenye kurasa za shule, anahitaji idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtoto zisishughulikiwe bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na mtoto nchini Kenya ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa na Kamishna wa Data faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Usimtishe mwalimu kwa hilo, hana ubaya. Mpe tu shauri: kazi za watoto zionyeshwe siku ya maonyesho kwenye kompyuta za shule na karatasini, na atakayetaka kwenda mtandaoni aende kwa akaunti ya mzazi, mzazi akiwa ndiye mwenye neno la siri.

Sasa hina. Mwanao alidhani bila mikono ya bi harusi hana cha kuonyesha, kumbe cha kuonyesha ni kingi mno.

Aanze na mkono wake mwenyewe wa kushoto. Mpeleke Marikiti akanunue unga wa hina, anuse, aulize umetoka wapi, autazame kama ni kijani ya majani au umechanganywa rangi. Akande nusu kwa maji ya ndimu na nusu kwa maji matupu, aache usiku mmoja. Achore vijiduara kiganjani, kimoja akibandue baada ya saa 1, kingine saa 3, kingine saa 6. Apige picha kila kimoja mahali pamoja, karibu na dirisha, mwangaza uleule, kikitoka tu, kesho yake, na keshokutwa. Ataona rangi ikitoka machungwa ya koroboi, kisha inaiva taratibu kwa siku moja mbili hadi kahawia. Hiyo ni kazi ya kitu kilichomo ndani ya jani kinachoitwa lawsone, hushikana na ngozi kisha kikapata hewa. Baba anayetaka mtoto ashike vitabu aonyeshwe daftari hilo.

Hapo ndipo atakapokutana na piko, ile inayoitwa hina nyeusi, na hapa nataka akae sana. Hakuna hina ya asili iliyo nyeusi tii. Ule weusi unaoshika kwa nusu saa mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kuna wanaopakwa wakatoka salama, na kuna wanaofura, wakatoka malengelenge yaliyofuata mchoro petali kwa petali, wakabaki na kovu la ua. Mwingine humjia baada ya siku kadhaa, harusi imekwisha, hata hajui alaumu nini. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa maisha yote, hata kwenye rangi ya nywele akiwa mzee. Huko Marekani PPD hairuhusiwi kabisa kwenye vipodozi vya kupaka ngozini. Kurasa za hina mtandaoni zimejaa weusi unaong'aa, na chini yake msichana mdogo anauliza "hii ni ya asili?" Anajibiwa ndiyo, asilia kabisa, na moyo mwekundu. Mwanao akiandika ukweli huo kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya wasichana wa rika lake, atakuwa amefanya jambo ambalo sijaona hata mafundi wakubwa wakilifanya, maana linawagusa mfukoni.

Ajiandae pia kwamba jirani huenda asilipende.

Kuhusu "Kazi yangu". Majani, mizabibu na yale maumbo ya korosho ni ya wote, hakuna mwenyewe. Lakini picha ina mwenye kuipiga, na mpangilio aliouumiza kichwa mchoraji wa Dubai ni wake. Aandike jina la ukurasa wake, aeleze alichoiga na alichobadilisha. Na kwa ile ya harusi, kama siku moja ataieleza mradini bila picha wala majina, aandike hivi: nilijaza majani kwenye kidole kimoja. Watu wanaojua hina watamheshimu kwa sentensi hiyo. Kidole kimoja kwa bi harusi, katika umri wa miaka 14, si kidogo.

Akitaka sauti za kina mama, na ningependa azitake, kuna mabibi hapo Bondeni na Kibokoni wanaokumbuka hina ilivyotwangwa na nani aliimba nini wakati inakauka. Awaeleze kabla hajabonyeza kitu: narekodi sauti yako, naipeleka shule, watasikia hawa na hawa, ukibadilisha nia kesho niambie nitaifuta. Bibi akisema hapana, ni hapana, amnywee chai yake aondoke. Na kila picha kabla haijatoka simuni aikuze kwa vidole viwili, atazame kioo, dirisha, kabati la vyombo, jina lililoandikwa kwenye sare ya shule iliyotundikwa ukutani. Hilo sina haja ya kumwambia, sidhani kama atasahau tena.

Tubaki na mume wako, ambaye hasira yake naielewa. Mtu yuko mbali, anaona aibu ya nyumba yake imemfikia kwa simu ya mwingine. Lakini simu akiichukua kabisa, mtoto atajifunza kitu kimoja tu: likikukuta baya, nyamaza. Na mabaya yatakayomkuta mtandaoni miaka hii inayokuja ni makubwa kuliko shangazi na embe. Mwache awe na simu yenye masharti, ilale sebuleni usiku, wewe ujue neno la siri, na muahidiane kwamba akiletewa ujumbe wa kumtia hofu na mtu mzima asiyemjua atakuonyesha bila kuchapwa wala kunyang'anywa.

Kuhusu hina kuwa kazi ya waliofeli, mwambie Desemba 2024 UNESCO iliingiza desturi za hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, kwa ombi la nchi 16. Qatar anakofanya kazi imo. Oman imo, Yemen imo. Kenya haimo, sisi tunaopakana hina Mombasa tangu kabla ya bibi zetu hatumo. Na mwaka kesho kutwa mwanao atakapofika Gredi ya 10 atachagua mkondo, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmojawapo ya mitatu, sawa na ule wa sayansi na hisabati. Simwambii binti yako atakuwa mchoraji. Huenda akaishia mkemia wa vipodozi, au akaiacha hina akifika miaka 16 kama watoto wanavyoacha mambo. Lakini kuifuta daftarini kwa kifutio sasa, kwa sababu ya aibu, hilo sitaki.

Kwa hiyo usimtetee mtoto kwa baba yake kwenye ujumbe wa sauti. Mwambie mumeo ampigie binti yake moja kwa moja, kwa video, siku ya Ijumaa akiwa mapumzikoni, na mtoto amsimulie mwenyewe yote tangu kabati hadi halua, kisha amwonyeshe kiganja. Akishamaliza na binti, ampigie yule binamu yake. Amuulize kwa nini mtu mzima, aliyemwona mke wa watu kichwa wazi na kumtambua, aliituma picha Doha badala ya kuifuta. Mtoto aliiweka bila kuona, yeye aliona ndipo akaituma. Swali hilo lisiulizwe na wewe, liulizwe na mumeo.